Likizo ya Kisiwani kwa Mtu Asiyepanda Boti

"Nyinyi nendeni. Mimi nitabaki nichunge nyumba."

Mama mkwe alisema hivyo akiwa anachambua omena, dagaa wa ziwani, kwenye ungo, wala hakuinua macho. Mezani palikuwa na simu ya binti yangu yenye picha za Zanzibar, daftari langu la hesabu, na chai iliyokuwa ikipoa. Baba watoto alikuwa ndio kwanza ametangaza kwamba Desemba hii tunakwenda likizo, nyumba nzima, na kwamba tunakwenda kisiwani. Binti alipiga makofi. Mdogo wake akauliza kama huko kuna papa. Kisha likaja lile neno la kuchunga nyumba, na mazungumzo yakahamia kwenye bei ya unga.

Nyumba yetu haihitaji mchungaji. Tunakaa Migosi, hapa Kisumu, majirani wetu ni watu wa kuaminika, na ng'ombe hatuna. Mama anajua hivyo.

Neno lile limenikaa rohoni kwa majuma mengi. Limekuwa likinijia nikiosha vyombo, nikiwa kwenye matatu, hata kanisani wakati wa maombi. Ndiyo maana naandika.

## Ziwa ni kazini

Mimi ni mtoto wa Bungoma. Nimekulia kati ya miwa na mahindi, na maji mengi niliyoyafahamu utotoni ni yale ya Mto Nzoia. Nilipoolewa Kisumu, Ziwa Victoria lilikuwa kwangu uzuri mtupu: machweo ya Dunga, ndege weupe juu ya mafunjo, samaki mzima mezani na ugali wa moto. Ilinichukua miaka kuelewa kwamba kwa watu wa mume wangu, wenye asili ya Uyoma, ziwa ni mahali pa kazi. Tena kazi ambayo watu hawarudi.

Kaka yake Mama alikuwa mvuvi wa omena. Omena huvuliwa usiku, taa zikiwa zinaelea juu ya maji ili kuwavuta, na usiku ndio wakati ziwa hili linapochafuka. Mchana nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji, basi upepo huvuma kutoka ziwani kuja kwetu na mawingu hupanda hadi milima ya Nandi na Kericho. Usiku mambo hugeuka. Ardhi imeshapoa, maji bado yana joto, pepo za pande zote zinakutana katikati ya ziwa, na dhoruba inazaliwa pale pale wavuvi walipowasha taa zao.

Alikuwa mvuvi tangu ujana. Kuogelea hakujua.

Sihitaji kumweleza mtu wa ukanda huu habari za Mei 1996, meli ya MV Bukoba ilipozama, wala za Septemba 2018, MV Nyerere ilipopinduka karibu na kisiwa cha Ukara ikiwa imebakiza meta chache tu kufika gatini, wakafa watu zaidi ya 220. Habari kama hizo zinapotangazwa redioni, nyumbani kwetu Mama huinuka akazima. Nilidhani ni huzuni ya kawaida. Sikuwahi kuuliza.

Sasa fikiria mtu huyo umwekee mbele ya macho picha ya kiti cha kupumzikia kando ya maji, umwambie: hii ndiyo raha tuliyokuandalia.

## Kisiwa cha baba watoto

Jibu la kwanza la mume wangu lilikuwa jema na la gharama nafuu. Alisema kama Zanzibar ni mbali, twende Mfangano. Unashika barabara hadi Luanda K'Otieno, feri inakuvusha hadi Mbita, kisha boti ya kwenda kisiwani. Kuna michoro ya kale kwenye miamba ya Kwitone, kuna mlima wa kupanda, kuna watu wa jamii ya Abasuba wenye historia nzito. Jirani yake kuna Takawiri na mchanga wake mweupe na minazi. Ukimwonyesha mtu picha bila kumwambia ni wapi, atasema ni Pwani. Naipenda Mfangano na nitaendelea kumwambia kila mwenye masikio aende. Atahadhari tu na kichocho anapoingia majini, na asafiri mapema kabla upepo wa mchana haujaamka.

Lakini maji ya Mfangano ni yale yale yaliyomchukua mjomba. Ni boti zile zile pia.

"Basi Rusinga," akasema. Rusinga ina daraja. Ukishafika Mbita kwa njia ya Homa Bay unaingia kisiwani kwa gari, magurudumu yako hayaloi. Alikuwa na mpango kamili: kaburi la mwanasiasa Tom Mboya, ambaye kila mwaka tunamkumbuka tunapofika tarehe 5 Julai, ile miteremko ambako mtafiti Mary Leakey alipata fuvu la Proconsul, nyani wa kale, mwaka 1948, hoteli ndogo kando ya maji.

Nilidhani tumepata. Kisiwa kisicho na boti! Nilimpelekea Mama habari hiyo nikiwa na furaha, naye akanisikiliza mpaka mwisho kwa upole wake.

"Nyar Bungoma, Rusinga mimi huenda matangani," akasema. Ndivyo anavyoniita, binti wa Bungoma. "Nikifika kule nguo zangu zenyewe zinajua ni kilio. Nitapumzikaje?"

Hapo nikafunga daftari. Kwa muda nilianza kufikiri kwamba pengine heshima kubwa ni kumwacha mtu mzima na hapana yake. Si kila mtu lazima aende likizo. Wazee wetu wengi waliishi na kufa bila kujua neno hilo, na hawakuwa na upungufu wowote.

Ila nilikuwa nimeona kitu. Jioni, binti akiwa na simu yake, Dani wake, yaani bibi yake, alikuwa akisogeza kiti. Alikuwa akizitazama zile picha. Mtu asiyetaka kabisa hasogezi kiti.

## Aliyebaki ufukweni

Tulikuwa tunatoka Kibuye siku ya Jumapili, mimi nimebeba mboga, yeye amebeba mwavuli. Mama aliuza omena soko hilo kwa miaka mingi, kwa hiyo kutoka Kibuye naye ni safari ndefu, kila meza ina salamu yake. Tulipofika barabarani nikamuuliza moja kwa moja kama anaogopa kuzama.

Alisimama.

"Kuzama? Mimi sikuwa ndani ya boti ile. Mimi nilikuwa ufukweni."

Kisha akanisimulia, pale pale kando ya barabara, boda zikipita. Jinsi asubuhi ile boti zilivyorudi moja moja, na wanawake wenye mabeseni yao wakizihesabu. Jinsi hesabu ilivyogoma kutimia. Bichi nzima ilisimamisha kazi, hakuna aliyekwenda kuvua, wanaume wote wakaingia majini kumtafuta, na wanawake wakakaa kwenye mchanga. Walikaa mchana, wakakaa usiku, wakakaa tena. Kazi yao ilikuwa kutazama maji.

"Ninyi mkiingia kwenye boti," akasema, "mimi nitakuwa wapi? Kama niko Migosi, nimekaa. Kama niko huko Zanzibar chini ya mwavuli, nimekaa. Ni kukaa kule kule."

Nimeyarudia maneno hayo mara nyingi kuliko maombi yangu. Kwa sababu katika daftari langu, ukurasa wa pili, mpango ulikuwa umeshaandikwa: asubuhi sisi wanne twende Kizimkazi kuwatazama pomboo, Mama apumzike ufukweni. Niliuandika kwa mapenzi yote. Nilikuwa nimempangia nafasi ya kivuli, kiti kizuri, maji ya madafu. Na ungekuwa mpango wa kumkalisha tena mchangani akihesabu boti.

Sisi tunaopanga safari za familia huwa tunamuuliza mwenye hofu swali moja tu: utapanda au hutapanda? Akisema hapana, tunamtafutia kiti. Sasa naamini kwamba mpango wote unapaswa kuanzia kwake. Siku ngapi, upande gani wa kisiwa, nani ataingia majini na saa ngapi, hayo yote yapangwe kwanza na yule anayeogopa. Picha nzuri zifuate baadaye. Wengine tutapata raha popote. Yeye ana mahali pachache sana pa kuipata.

## Maji yanayoondoka

Mwalimu mwenzangu ni mtu wa Kwale. Nilimpa kazi ya kunishauri, naye alianza na onyo.

"Usiende upande wa mashariki wa Unguja," aliniambia. "Paje, Jambiani, kule maji yanatoroka. Unaamka asubuhi unataka kuogelea, bahari haipo. Nenda Nungwi au Kendwa, huko maji yapo kutwa."

Nikamwomba arudie. Bahari haipo?

Sisi watu wa ziwa hatuna jambo hilo. Ziwa letu hupanda na kushuka kwa misimu na kwa miaka. Tuliona wenyewe lilivyoyameza mashamba na vibanda mvua zilipozidi. Lakini maji kukupwa na kujaa, kila siku mara mbili, hadi jicho lione, hilo hatulijui. Nilimkalisha mwenzangu chumba cha walimu mpaka kengele ikalia, na tangu siku ile nimesoma kila nilichoweza kupata.

Mashariki ya Unguja mwamba wa matumbawe umesimama mbali na ufukwe. Kati ya mwamba na ufukwe kuna uwanda mpana wa mchanga usio na kina. Maji yakijaa, uwanda wote unafunikwa, rangi ile ya picha. Yakikupwa, uwanda unabaki wazi, na unaweza kutembea kwa miguu mwendo mrefu kuelekea kwenye mwamba, ukikanyaga mchanga na vidimbwi. Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa hukaribia meta 4. Juma moja baadaye huja maji mafu, na tofauti hupungua sana. Jambo lililonifurahisha zaidi ni hili: pwani yetu hii, siku za bamvua, maji hukupwa kabisa mnamo saa nne au saa tano asubuhi. Kila siku inayofuata wakati huo husogea mbele kwa dakika kama 50.

Maana yake mtu anaweza kumaliza chai yake, akavaa viatu, akatembea juu ya sakafu ya bahari kukiwa na jua la asubuhi. Hakuna boti. Hakuna anayekaa. Wote wanakwenda pamoja, na kinachoondoka ni maji.

Kila mtu niliyemuuliza aliutaja upande ule kuwa wenye kasoro. Mimi niliiona kasoro hiyo nikajua ndiko tunakokwenda.

Kuna tahadhari, na naziandika kwa sababu kuna watu watasoma hapa na kukimbilia huko. Maji yanaporudi hayaji kwa mstari ulionyooka. Hupita kwanza kwenye mikondo ya chini na yanaweza kukuzunguka kwa nyuma ukiwa bado unatazama mbele. Nenda na mwenyeji. Geuka kabla maji hayajaanza kurudi, hata kama mtoto analia. Vaa viatu vya kufunga, maana kwenye vidimbwi kuna viumbe vya miiba mirefu. Na kuna mashamba.

Mashamba ya wanawake. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 wanawake wa pwani ile wamekuwa wakilima mwani. Huchomeka vijiti mchangani, hufunga kamba, hufunga miche kwenye kamba, na maji yakikupwa hutoka kwenda kupanda na kuvuna. Kisha huuanika na kuuza. Ni kazi inayofuata saa za bahari, na miaka ya karibuni joto la maji limewaharibia mazao, hasa kwenye kina kifupi.

Nilipofika hapo kwenye maelezo, Mama aliacha kuchambua omena.

"Wanauza kwa kilo?"

## Giza ni lini

Aliuliza maswali ambayo mimi sikuwa nayo kwenye daftari. Nani anaweka bei, mwanamke au mnunuzi? Mvua ikinyesha kabla mwani haujakauka inakuwaje, unaoza kama omena? Wana chama? Nilijibu machache. Mengine nilimwambia atawauliza mwenyewe, na hapo nikatambua, bila yeye kusema ndiyo, kwamba nimesema "utawauliza" naye hakukataa.

Kisha akauliza, "Na hiyo siku ya maji kwenda mbali, giza ni lini?"

Mimi nilikuwa natafuta tarehe za mwezi kwenye simu. Mama alikuwa ameshaanza kuhesabu kwa vidole. Mtu aliyeuza omena maisha yake yote anaujua mwezi kuliko kalenda: usiku wa mbalamwezi taa za wavuvi hazina nguvu, omena hutawanyika na bei hupanda, usiku wa giza ndio wa mavuno. Watoto wake walisoma kwa giza la mwezi. Karo ililipwa kwa giza la mwezi. Alihesabu kutoka usiku uliopita, akaruka, akarudi, akanitajia siku za Desemba. Simu ikakubaliana naye.

Binti alitaka mwezi mpevu, kwa sababu ya picha za usiku. Bamvua ipo nyakati zote mbili, kwa hiyo ningeweza kuchagua lolote. Nilichagua giza la Mama. Tutafika siku moja kabla ya mwezi kuandama, maana bamvua kubwa huja siku moja au mbili baada yake, na hivyo asubuhi zake nzuri zote zitatukuta tayari pale.

## Kufika

Meli ya kutoka Dar es Salaam huchukua kama saa mbili, na Desemba ni msimu wa kaskazi, bahari ni tulivu kuliko miezi ya kusi. MV Skagit ya njia hiyo hiyo ilizama Julai 2012, kusi ikiwa imekaza. Nimeyapima hayo yote na ningepanda mimi mwenyewe bila wasiwasi. Lakini niliahidi mpango unaoanzia kwa Mama, kwa hiyo tunakwenda kwa ndege, Kisumu hadi Nairobi na Nairobi hadi Unguja. Gharama ile imekula siku kadhaa za likizo na hoteli yenye bwawa. Tutakaa nyumba ya kupanga, tutapika wenyewe.

Pasipoti zilichukua muda wake. Kitambulisho kinachotuvusha Uganda hakitoshi Tanzania.

Kilichonikosesha usingizi ni chanjo ya homa ya manjano. Anayetoka Kenya kuingia huko huulizwa kadi, na mtu aliyepita miaka 60 hadungwi chanjo hiyo kwa mara ya kwanza hivi hivi. Daktari lazima apime kwanza, kwa sababu hatari ya madhara makubwa huongezeka na umri. Mama ana miaka sabini na ushee. Nilikuwa tayari kuufuta mpango wote kuliko kumdunga kwa ajili ya raha. Kumbe kwenye sanduku lake la bati kulikuwa na kadi ya njano. Alichanjwa zamani, alipokwenda Mwanza kwenye mazishi, akazunguka kwa barabara kupitia mpaka wa Sirari wakati wenzake wengine wakipanda meli. Kadi imeandikwa miaka 10, lakini tangu Julai 2016 kadi hizo zinahesabiwa kuwa za maisha yote. Daktari aliithibitisha, akatuambia twende salama.

## Lililobaki

Binti yangu ana miaka kumi na sita na amenikasirikia. Nilipomwambia hakuna boti ya pomboo, alinyamaza, kisha akasema jambo ambalo halijanitoka.

"Mama, huzuni ya Dani ni ya Dani. Kwa nini mimi nirithi?"

Sina jibu kamili. Anayo haki. Nikimfundisha aogope maji kwa sababu ya mtu aliyekufa kabla hajazaliwa, nitakuwa nimemfanyia ubaya, na pengine mjomba mwenyewe angekuwa hai kama mtu angemfundisha kuogelea. Upande mwingine, safari hii ni ya Dani wake. Pomboo watakuwepo akiwa na miaka ishirini na atawafuata kwa pesa zake. Nimemwambia hivyo, na nimeona hakutosheka.

Aliyelegeza ni Mama. Alifungua kitambaa chake, akatoa pesa, akamwambia binti atafute mwalimu wa kuogelea hapa hapa Kisumu, aanze kabla ya Desemba. Akaongeza sharti moja: wakiwa kule, binti akiingia kuogelea, yeye Dani hatakaa mchangani. Atasimama ndani ya maji, hadi magotini, na binti asipite mahali ambapo hawezi kusikia akiitwa. Binti amekubali nusu. Wanaendelea kujadiliana kuhusu umbali.

Kwa hiyo nina maswali mawili kwa wenyeji wa Jambiani na Paje wanaosoma hapa. La kwanza, siku za bamvua, maji yakiwa yanarudi, ni kuanzia saa ngapi kijana anaweza kuogelea ndani ya mwamba bila kuvutwa na mkondo? La pili ni la Mama, na ameniagiza nisilisahau: kama mgeni aliyezoea kazi ya ufukweni anataka kushika kamba na kufunga mwani asubuhi moja, bila kupiga picha, amwombe nani ruhusa?